Mistari Sita ya Nyapara Tecla

Tarehe 30 Juni 2025 Mama Tecla Chepkorir anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne katika shamba letu la chai. Mimi Kipsang ndiye niliyemfundisha kuchuna majani. Sawa, huo ni uongo. Alinikuta kwenye mizani nikipima majani, na kikapu chake cha kwanza kiliniumiza mgongo nilipokiinua.

Alianza kama mchunaji, akawa nyapara wa kwanza mwanamke. Wanaume tulinung'unika wiki nzima, kisha tukaanza kufika kazini mapema. Hapigi kelele. Anasimama tu mwisho wa mstari, mikono nyuma, na wewe mwenyewe unakumbuka ulichoacha.

Kazi yake kubwa ilikuwa mwaka wa 2008. Vita vya baada ya uchaguzi viliwafukuza majirani zetu wa kambi ya wafanyakazi, waliotoka upande wa ziwa. Kulipotulia, kamati ya wazee iliandika majina ya watakaorudishiwa kazi na nyumba. Karani nilikuwa mimi, kwa sababu nina darasa la sita na kalamu. Tuliandika wanaume peke yao. Amondi, ambaye mumewe aliuawa, na wajane wenzake watano hawakuwemo. Nyumba ya kambi, tulisema, hupewa baba.

Mama Tecla hakubishana nasi. Aliagiza mistari sita ya chai waliyokuwa wakichuna wale akina mama isiguswe. Ninyi mnajua chai: usipoichuna inakuwa msitu. Baada ya miezi miwili ilifika kifuani, katikati ya shamba lililosawazishwa kama meza. Meneja akaja amekasirika, akasema atamfuta kazi. Mama akamjibu polepole, "Huu ni wa Amondi. Mwite aje achune." Akaenda mstari wa pili, akataja jina. Kufika wa sita, wachunaji wote walikuwa wameweka vikapu chini.

Jioni hiyo niliandika orodha upya, kabla wazee wenzangu hawajakubali. Wote sita walirudi, kila mmoja na nyumba kwa jina lake. Siku hizi kamati ina wanawake saba, na mikutano inaisha kabla ya chakula cha mchana.

Mama, asante. Nenda nyumbani Kimulot, ng'ombe wakupe maziwa, magoti yasikusumbue. Ila kuna jambo uliniahidi: kumwambia mke wangu Winny, rafiki wa Amondi, kwamba ile orodha niliibadilisha kwa hiari yangu. Miaka kumi na saba bado ananiuliza nani alinilazimisha. Ukipita kwetu Jumapili, mwambie, hata kwa kifupi.