Narudia: Kulia, Siyo Kushoto

Bwana asifiwe, watu wa Somanda! Hapo mmeitika nusu, na mimi nimekulia gulioni, nusu sipokei. Bwana asifiwe tena! Haya, mwangaluka wote.

Ndugu zangu, mnanijua. Ni Mbuke, binti wa yule mama wa mitumba, niliyehesabu hela mara mbili hata aliponipa mchungaji. Sasa nasomea kuongoza ndege: kukaa mnarani na kumwambia rubani apite wapi asigongane na mwenzake. Mliponiombea nikapata chuo Dar es Salaam, nilidhani kazi imekwisha. Kumbe!

Redioni tunasema Kiingereza. Kulia ni "right". Nami ni Msukuma wa Nkololo, R yangu ikifika mdomoni inageuka L. Ikawa inatoka "light". Darasa likaangua kicheko. "Dada Mbuke, mwambie rubani awashe taa!" Nikacheka nao, lakini nilijua rubani akisikia L anaweza kuelewa "left", kushoto. Na angani hakuna pembeni pa kusimama mkaelewana.

Mkufunzi akanionya: nikishindwa mtihani wa vitendo, narudi nyumbani. Ndugu zangu, sikutulia tena! Nikila, R. Nikioga, R. Kwenye foleni ya maji nilinguruma mpaka jirani akahamisha ndoo yake.

Nikaanza kupatana bei na Mungu. Bwana, ninyooshee ulimi, nitaleta ng'ombe kanisani. Nikashuka hadi mbuzi. Nilifika kuku! Mnunuzi gani anashusha bei wakati mwenye mali hajamjibu?

Nikampigia mama.

"Mayu, mwanangu, unamfanya Mungu muuza nyanya?" akasema. "Huyo ng'ombe mwenyewe ni wa nani? Mungu hana halaka. Ukikosea, sema tena. Nani alikufa kwa kusema tena?"

Siku hiyo nilipiga magoti bila kutaja mfugo wowote. Nikasema, Bwana, sina cha kukupa, nisaidie. Sikuinuka mtulivu, nisiwadanganye. Lakini niliinuka.

Mtihani ukaja. Kwenye skrini, ndege mbili za mazoezi zinakaribiana. Nikamwambia rubani ageuke kulia. Ulimi ukanisaliti! Kwa sheria yetu, rubani hurudia ulichomwambia, nawe unasikiliza. Akarudia: "left". Na kushoto ndiko aliko mwenzake!

Ndugu zangu, niliona aibu! Mkufunzi yuko nyuma yangu. Nikisahihisha, wote watajua nimekosea. Mbuke wa zamani angenyamaza, akacheka kidogo, akatumaini. Lakini Bwana alinifungua pale pale! Nikabonyeza redio: si kushoto, narudia, kulia. R ikakoroma kama trekta lililolala shambani msimu mzima, ikawaka! Rubani akarudia sawasawa. Vile vidoti viwili kwenye skrini vikaachana.

Mkufunzi akavua miwani. "Ulimi unafundishika," akasema. "Anayeona aibu kurudia ndiye ninayemrudisha kwao. Wewe baki."

Haleluya! Bado nasoma, na R bado inakuja ikijisikia. Lakini kile kifungo cha aibu kimekatika. Wewe uliyeomba mara moja ukanyamaza, ukidhani Mungu amekuchoka, mwite tena. Njoo mikono mitupu, hapatani bei na mtu. Mtegemee, maana yeye ni mwingi wa lehema.

Samahani. Narudia: rehema. Amina!