Yavor Dimchev na Ubao Usiopinda

Mjane wa marehemu, Nevena, alilisikia jambo la ubao wa kutelezea thelujini kwa mara ya kwanza jana jioni kutoka kwa Bibi Stoyna, mkata tiketi wa viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani, na kwa kuwa mji mzima umeshaambiwa na Bwana Asparuh Gerov kwamba Yavor alianguka kwa ulevi, familia imetaka historia hii isomwe pamoja na jambo hilo la ubao.

Marehemu Yavor Dimchev alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1986 katika kijiji cha Gorno Belevo, chini ya mlima Pirin, mtoto wa pili wa Mzee Dimcho, seremala, na Mama Raina, akasoma hapo hapo kijijini, akamaliza sekondari mwaka 2005, na tangu majira ya baridi ya 2007 alifanya kazi katika duka la Bwana Gerov, akiuza mbao za kutelezea thelujini na kufundisha wageni kuteleza.

Alikuwa mwembamba, mwingi wa maneno, na hakumwacha mteja aamini namba ya ugumu iliyobandikwa kwenye ubao, kwani kila kiwanda hupima kivyake, bali alimwambia ausimamishe, aukandamize katikati kwa kiganja, aone unavyopinda, kisha aufikirie uzito wake mwenyewe na mwendo wake, maana ubao laini humsamehe mtu mwepesi na anayejifunza, ule mgumu humfaa mzito aendaye kasi, na asiyeweza kuupinda hawezi kukata nao kona. "Kaka, unanunua ubao au mlango wa zizi?" aliwatania vijana wenye kujionyesha, nao wakacheka, wakabadilisha.

Alifunga ndoa na Nevena tarehe 14 Juni 2014, wakajaliwa binti mmoja, Kalina, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2016.

Jumamosi, tarehe 17 Februari 2018, theluji ikiwa imeganda kama jiwe, Bwana Gerov alimtaka ateremke mbele ya wageni kwa ubao mpya, mgumu kuliko wote dukani, na Bibi Stoyna alisikia yote akiwa kibandani mwake.

"Bosi, huu siupindi hata nikiurukia, nipe wangu."

"Wewe mwanamume au mkanda wa suruali? Panda, la sivyo kesho usije."

Alipanda, na alipoteremka ubao ukakataa kugeuka, akagonga nguzo, na akafariki hospitalini Razlog Jumatatu, tarehe 19, bila tone la rakia wala pombe nyingine mwilini, kama madaktari walivyoandika.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani walioleta maharagwe na ngano ya kuchemsha, na walimu wenzake waliobeba jeneza, lakini Bwana Gerov haimshukuru, na shada lake, kubwa kuliko yote, limerudishwa dukani kwake.

Leo asubuhi Nevena, ambaye hata mkate huuagiza kwa sauti ya chini, alichukua karatasi ya tanzia yenye sura ya Yavor, akaenda dukani, akaibandika katikati ya mlango, juu ya tangazo la ubao ule, Bwana Gerov akimtazama, na chini ya jina akaandika kwa mkono, "Hakuwa amelewa. Alipewa ubao asioweza kuupinda." Kwa desturi yetu tanzia haibanduliwi na mkono wa mtu, huachiwa mvua na jua, basi kila Bwana Gerov afunguapo mlango huo atakutana na Yavor uso kwa uso.

Pumzika, Yavor, jina lako ni safi.