Ulikikuta Kimelala?

Kijiwe kiko kati ya saluni ya Wembe na karakana ya mitambo: benchi moja refu lenye mguu uliofungwa waya, na mbele yake kigoda chenye kikombe kilichopasuka mdomo. Kikombe hicho hakinywewi. Anayetaka utulivu anakilaza kifudifudi, midomo yote inafungwa. Kikisimama, ruksa kusema. Ndiyo katiba ya wanakijiwe, na hawajawahi kugombana juu yake mpaka mchana ule. Pembeni alijikunyata Kiini, fundi wa programu, kompyuta mapajani. Jina walimpa wao, maana kazi yake iko kwenye kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayoendesha mashine. Siku ya nne hiyo pampu ya dripu waliyoiunda pale karakana inaganda. Isipopona kufikia kesho asubuhi, mkuu wa karakana anaitia kabatini, na wodi ya watoto anakofanya kazi dada yake Kiini itaendelea kuhesabu matone kwa macho. Roho yake ilikuwa juu juu.

Wa kwanza kumchokoza alikuwa Posta, mstaafu wa kupeleka barua, mzee asiyekosa methali na asiyewahi kuipatia.

POSTA: Kwani inaumwa nini hiyo pampu?

KIINI: Mzee wangu, kila kifaa ndani yake kinabisha hodi. Kitufe hodi, saa hodi, betri hodi. Kiini cha mfumo kikiwa na kazi nyeti kinafunga mlango kwanza, kikimaliza kinafungua. Na tumeweka mlinzi, programu ndogo ya kuandika: umefungwa, umefunguliwa.

WEMBE: Sasa tatizo?

KIINI: Mlinzi analalamika: “Hapa mlango ulitakiwa uwe umefungwa, nimeukuta wazi.” Hodi zinaingia katikati ya kazi, pampu inaganda. Aliyeufungua simwoni.

POSTA: Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kagueni miguu ya pampu.

KIINI: Ina magurudumu, mzee.

POSTA: Si ndo hapo sasa!

WEMBE: Huyo mlinzi mwongo. Mfukuze kazi.

KIINI: Nikimfukuza, kelele zitaisha ila pampu itaganda kimyakimya. Na mtoto yuko kitandani, Wembe.

WEMBE: Basi ni husuda. Mashine yangu ya kunyolea ilizima siku ileile aliyopita kinyozi wa ng'ambo. Alitabasamu tu, ikazima!

POSTA: Husuda wapi! Mi nasema betri. Inabisha, haikaribishwi, inapitia dirishani. Debe tupu haliachi kutika. Ijazeni maji!

Hapo Mama Birika, mwenye kahawa, akakilaza kikombe. Alikuwa anapima vijiko vya birika jipya, na akipoteza hesabu kahawa inakuwa shubiri. Kimya kikatanda. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Simu ya Wembe ikalia. Macho yakiwa kwenye simu, akakigandamiza kikombe kwa kiganja, akamwelekeza mteja njia, akakata, akakisimamisha. Papo hapo Posta akaendelea na betri yake kwa sauti ya kuamsha mtaa.

MAMA BIRIKA: Nani kasimamisha kikombe changu?

WEMBE: Changu! Nimelaza mwenyewe, nimesimamisha mwenyewe. Sheria ni sheria.

MAMA BIRIKA: Nilikuwa kijiko cha ngapi sasa? Mmenivuruga!

POSTA: Maji yakimwagika hayazoleki, mama. Ongeza maji.

Mama Birika alikuwa ameshamnyooshea Posta kijiko wakati dada yake Kiini alipofika, bado na sare ya uuguzi, kamletea mdogo wake chakula. Kijiweni hapo hakuwahi kukaa, ila akivuka barabara alikuwa amemwona Wembe akikishika kikombe na kusikia ugomvi wote.

DADA: Shikamoo mzee, shikamoo mama. Samahani kaka, ulipokishika hicho kikombe, ulikikuta kimelala au kimesimama?

Wembe akakitazama kikombe. Akamtazama Posta. Posta akatazama waya wa benchi.

WEMBE: Kwani... inahusu?

DADA: Sisi wodini hugusi koki ya dripu kabla hujaangalia umeikutaje. Ukimaliza unairudisha ulivyoikuta. Si unafungua tu kwa kuwa wewe umemaliza.

Kiini akasimama, kompyuta nusura imponyoke.

KIINI: Kile kipande cha programu cha kusoma betri! Kinafunga, kinasoma, kinafungua. Hakiulizi kimeukuta vipi! Kikiitwa katikati ya kazi nyeti, mlango ulishafungwa zamani, chenyewe kinatoka kinauacha wazi. Na nimekiandika mimi, kwa mkono wangu!

POSTA: Si nilisema betri? Mgeni njoo, mwenyeji apone!

Wote wakamgeukia. Miaka yote hiyo, leo mzee kaipatia.

Kiini hakungoja chakula, akakimbilia karakana. Jua la jioni lilikuwa limeshapanda ukuta wa saluni aliporudi, anatembea kama mtu aliyetuliwa gunia. Pampu ilikuwa imedondosha saa mbili nzima bila kusita, mlinzi hakulalamika hata mara moja, na mkuu alisema kesho iende wodini. Alitaka kuwakumbatia wote, Posta na methali zake, Wembe na simu yake, dada yake zaidi ya wote. Alikuja na shukrani zimemjaa kifuani.

Akatazama kigoda. Kikombe kimelala, Mama Birika anapima birika jingine. Kiini akakaa taratibu karibu na dada yake, aliyekuwa bado anamngoja na chakula, macho yamemlowa, akasubiri kijiko cha nne, cha tano, cha sita. Mama Birika akakisimamisha kikombe mwenyewe.

KIINI: Ahsanteni, jamani. Ahsante, dada.