Bwana Kiwango na Kaka Yake Mwenye Mabasi

Habari ilimkuta kaka wa marehemu karakanani, Jumanne asubuhi tarehe 14 Mei 2024, kando ya basi lililofunguliwa magurudumu. Dada yao alikuwa kwenye simu, analia. Kaka akawaambia mafundi waendelee na kazi, kisha akawauliza kwa nini wanaendelea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili wa mwalimu na mshonaji. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, akaajiriwa benki kama karani wa kaunta, akapanda hadi mkuu wa mikopo. Wenzake walimwita Bwana Kiwango, kwa sababu sheria ilikataza benki kumkopesha mteja mmoja zaidi ya robo ya mtaji wa benki yenyewe, naye hakuwahi kuivuka. Mwaka 1986 alifunga ndoa na muuguzi, Mungu akawajalia mabinti wawili. Mkewe alikuwa akitania kwamba hata sukari ya chai ina kiwango.

Mwaka 2009 kaka aliiomba benki hiyo mkopo wa mabasi mapya, akaambiwa amefika mwisho wa kiwango. Akaandikisha kampuni kwa jina la mkewe, nyingine kwa jina la mama mkwe. Marehemu akajumlisha mikopo yao yote na ya kaka.

“Kaka, mabasi ni yako na mlipaji ni wewe. Kisheria nyote watatu ni mkopaji mmoja.”

“Mimi na mama mkwe tumekuwa mtu mmoja lini?”

Ofisi nzima ilicheka, isipokuwa kaka. Aliona ni wivu, akakata mguu kwa mdogo wake miaka mingi.

Mwaka jana figo za marehemu zilipozidi kudhoofika, kaka alikwenda wodini. Marehemu alimweleza taratibu kwamba mtu mmoja akibeba fungu kubwa mno la mikopo ya benki, siku akianguka anazama na akiba za wengine, hata za mama yao alipokuwa hai.

“Kwa hiyo hukunionea kijicho?”

“Nilikuwa nakuogopea, kaka.”

Kaka aliitikia kwa kichwa. Nje akamuuliza dada yake iwapo yeye ameelewa mtu anakupendaje huku anakufungia mlango. Dada akasema waombe. Wakasali.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu, kaka na dada.

Alhamisi, wanaume wa familia walipomvisha, kaka ndiye aliyemfunga tai. Alikosea, akaifungua, akaifunga upya. Akamshika mkono kidogo, akatoka.

Bwana ampe pumziko lake.