Bi Mwanaarabu binti Alwi, Aliyewanywesha Wagonjwa

Kila nafsi itaonja mauti, na leo zamu imemfikia Bi Mwanaarabu binti Alwi. Alizaliwa mtaa wa Mkomani, Lamu, mwezi wa Rajabu, mwaka 1879. Alikuwa kifungua mimba wa Mwalimu Alwi, na ndugu yake wa pekee ni Bi Saadiya, aliyemuuguza hadi mwisho.

Alihitimu Kurani katika chuo cha baba yake. Alikuwa hachoki kuuliza, hata mzee akawa anasema binti huyu angezaliwa mwanamume, kadhi angekosa usingizi.

Mwaka 1897 aliolewa na Bwana Fadhil, mshona kofia, wakahamia Unguja. Huko walijaaliwa mtoto mmoja, Hadia. Mwaka 1903 Hadia alishikwa na tumbo la kuhara. Wakubwa wakaamuru anyimwe maji kama ilivyo desturi yetu, kwamba maji humzidishia mgonjwa kuhara. Mwanaarabu alitii. Mtoto alikufa midomo imempasuka kwa ukavu, na mama yake hakujisamehe.

Baada ya msiba huo aliingia hospitali moja ya kule, kwanza kufua mashuka, kisha kuuguza. Alirudi Lamu mwaka 1907. Hakuwa na dawa nyingi. Akifika kwa mgonjwa alitazama kwanza: ulimi umekauka? Ngozi ikifinywa hurudi? Mkojo umetoka? Ndipo aamue. Aliyelala chali siku nyingi alimgeuza ubavu asichubuke, mwenye homa alimpunguzia mablanketi, na anayehara alimpa maji ya mchele yenye chumvi, kijiko baada ya kijiko. Bi Jamila aliwahi kumjia juu: "Mwanangu ahara, nawe wamuongeza mai?"

"Mtungi ukivuja, Bi, huutii mai mangine? Au waukemea?"

Bi Jamila alicheka, akaleta kijiko mwenyewe.

Mwezi uliopita maradhi ya kuhara yalizuka Mbwajumali. Alikwenda kuuguza, akarudi mgonjwa. "Nipa mai, Saadiya," alisema. "Nikitapika, nipa tena." Saadiya alimpa, akampa tena, hakuacha hata mkono ulipomfa ganzi. Yote yalitoka. Tusidanganyane: lililojulikana lilifanywa, na halikufaa kitu. Alifariki Jumanne, tarehe 5 Novemba 1912, mchana.

Hajaoshwa, maneno yakaanza. Saadiya alikuwa akipasha maji ya kumwosha dada yake aliposikia uani: "Ni mai yaliyomuua. Kayataka mwenyewe." Aligeuka ajibu, kisha akarudi kuchochea moto. Maiti ilikuwa ndani, nao walikuwa wameiona.

Marehemu ameacha mume, Bwana Fadhil, na ndugu yake, Bi Saadiya. Hakuacha mtoto. Ameacha mgonjwa mmoja, Hafswa, bintiye Bi Swafiya, nyumba ya pili kutoka hapa. Anahara tangu juzi, na habari za msiba zilipofika, mtungi ulitolewa chumbani mwake. Saadiya amebisha mlango ule mara mbili, na mara mbili hakufunguliwa. Jeneza litapita hapo. Mtamsikia mtoto akililia maji.

Mwenyezi Mungu amlaze Bi Mwanaarabu pasipo na kiu.