Lugembe Mahona, Aliyengoja Kuambiwa Imetosha

Marehemu Lugembe Mahona alizaliwa hapa Bukene tarehe 14 Machi 1939, mtoto wa kwanza wa Mzee Mahona, mshika bendera wa stesheni, na Mama Benedikta. Tulizaliwa wawili tu. Wa pili ni mimi Koleta, ninayewasomea haya.

Alianza shule hapahapa, akaendelea Tabora hadi darasa la kumi na mbili, mwaka 1958. Alikuwa mtoto wa kukaa peke yake. Siku moja aliifungua taa ya kazi ya baba aone ndani kuna nini, akaifunga ikawaka vizuri kuliko mwanzo, na bado alichapwa.

Mwaka 1966 aliajiriwa Dar es Salaam kwenye mashine za serikali zilizosoma kadi zenye matundu, akajifunza kuandika programu za kompyuta. Mwaka 1975 alirudi Tabora, ofisi ya maji, na kwa miaka minane hakugusa kompyuta. Alipanga chumba kimoja mtaa wa Ng'ambo. Nilipomtembelea nilikuta sahani moja na kikombe kimoja, nikamgombeza sana.

Mwaka 1983 mradi wa visima ulileta kompyuta ndogo ya kuandikisha pampu mbovu za vijijini. Wataalamu walitaka mpango uandikwe mwaka mzima, ndipo programu itengenezwe. Kaka alikataa.

"Nipeni siku kumi," aliwaambia. "Nitaleta kitu kibovu, na atakayekitumia anionyeshe ubovu wake."

Mpishi huonja mchuzi ungali jikoni, hangoji wageni wanawe mikono. Wa kuitumia programu alikuwa Bi Fakhria Nasor, mjane wa Tabora mjini, karani wa kupokea taarifa za pampu. Kila Jumanne kaka alimpelekea marekebisho, wakaketi pamoja mbele ya kioo cha kompyuta, na marekebisho yakijaa aliyaita toleo jipya. Toleo la kwanza liliuliza jina jipya tu la kijiji, lililotolewa watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa. Bi Fakhria akacheka.

"Bwana Lugembe, mtu katoka huko nyuma ya Kwihara kwa miguu kusema maji hakuna, atakutajia kwao kwa jina la zamani. Watu walihamishwa, midomo haikuhamishwa."

Jumanne iliyofuata jina la zamani lilikuwa na nafasi yake. Ndivyo kaka alivyofanya kazi, toleo baada ya toleo, na kwa kanuni yake kazi huisha siku mtumiaji anaposema imetosha.

Hakuoa. Wengine aya hii huiruka, mimi siiruki. Krismasi ya 1984 aliniambia, "Koleta, siku Fakhria akisema imetosha, siku hiyohiyo namwambia neno langu. Kabla ya hapo ni kumsumbua mtu kazini. Mambo ya dini na ukoo wazee watayazungumza baadaye."

"Kaka, utazeeka unarekebisha!" nikamjibu. Likaja toleo la kumi na tisa, likaja la ishirini, na kila mara Bi Fakhria aliona kasoro.

Juni 1985 figo zilianza kumsumbua. Mwezi Agosti alilazwa Tabora, akiwa na daftari la toleo la ishirini na mbili chini ya mto. Bi Fakhria alimletea uji kila Jumanne. Kaka alipomuuliza kama sasa programu iko sawa, alijibu, "Bado kidogo. Pona kwanza, uje urekebishe."

Alifariki Alhamisi tarehe 19 Septemba 1985, saa kumi alasiri. Mimi nilikuwa nimetoka kuchota maji. Alikwenda hakuna mtu kitandani pake, na hilo linaniuma kuliko yote.

Jana Bi Fakhria alishuka treni hapa Bukene. Nilipomweleza ahadi ya kaka, aliketi mkekani. Aliyoyasema ameniruhusu niyasome: "Programu ilitosha tangu toleo la kumi na moja. Kasoro zote za baada ya hapo nilizitunga, ili Jumanne aje tena. Ningejua anangoja neno hilo, ningelisema asubuhi ileile."

Marehemu ameacha mama yake, Benedikta. Dada yake, Koleta. Na wapwa wawili, Bundala na Apolinaria. Kamati ya mazishi iliniuliza Bi Fakhria aandikwe kama nani, rafiki au mfanyakazi mwenzake.

Nimemwandika wifi.

Kaka Lugembe, Mungu akulaze kwa amani.