Pua ya Mama Kadija Dirishani

Baada ya miaka ishirini na sita ya kutunza stoo, na kunusa midomo yetu bila kinyaa, Bi. Kadija Adrisi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2013. Wakubwa wa ofisini watasoma hotuba kuhusu uaminifu wake. Sisi waashi tumeomba ukurasa huu kwa sababu tunajua zaidi: alikuwa mkali kupita kiasi, na ndiyo maana wengi wetu tuko hai.

Aliajiriwa Machi 1987, mwaka mmoja baada ya vita, kampuni ikikarabati maduka ya zamani ya Jinja yaliyobaki bila milango wala mabati. Nusu yetu tulikuwa tumetoka majeshi tofauti yaliyopigana yenyewe kwa yenyewe, na jambo pekee tulilokubaliana lilikuwa pombe kali ya waragi. Kadija, binti wa sajenti Mnubi, alisema Kiswahili cha kambi za jeshi. Alipotusalimu tu, mikono ilishuka ubavuni yenyewe, tukamwita afande. Alilichukia jina hilo, nasi tukaling'ang'ania.

Mwaka uliofuata Mugweri, mwashi wetu bora, alianguka kutoka jukwaani orofa ya pili akafa. Alikuwa amekunywa tangu alfajiri. Mwiko aliokuwa nao alipewa na Kadija asubuhi ile ile, na Kadija hakujisamehe. Baada ya maziko alikata dirisha dogo kwenye mlango wa stoo. Ukitaka mwiko, unaingiza uso, unasema habari ya asubuhi, naye ananusa. Ukinuka, unapewa chekeche, unabaki chini kuchekecha mchanga. Tulijaribu karafuu, tukajaribu tangawizi. Mwenzetu Kirunda alitafuna sabuni, akachekecha mchanga huku akitoa povu.

Sigara aliitibu kwa uji. Zamani mvutaji alipewa dakika kumi za kupumzika saa nne. Asiyevuta aliendelea kubeba matofali. Matokeo yake hata mwenzetu Burhan, mwadhini wa msikiti, alijifunza kuvuta, akikohoa hadi machozi. Kadija alimwendea meneja, akarudi na sufuria: uji kwa wote, na pakiti za sigara zikae kwenye mkebe wa rangi mpaka jioni. Wengi tulisahau kuzichukua. Burhan ameacha sigara, amebaki na kitambi.

Fedheha yetu kubwa ilitokea mwaka 1991, tukijenga zahanati kule Nkoma, Mbale. Jumatatu hiyo midomo yote ilikuwa safi, lakini kufikia mchana ukuta ulikuwa umepanda upande mmoja kwa inchi tatu. Kadija alitoka stoo, akaokota mpira wa maji wa kupimia usawa, akaunusa. Jumamosi tulikuwa tumekosa mrija wa kunywea malwa, pombe ya ulezi, tukautumia mpira huo. Machicha na povu vilibaki ndani, maji yakatudanganya.

Aliyetoa wazo hilo la kijinga ni mwandishi wa wasifu huu, Isabirye. Kadija alinitazama, akasema mbele ya wote: "Isabirye, wewe iko fundi muzuri. Mimi nimeshazika fundi moja. Sitaki kuzika ya pili."

Tuliubomoa ukuta. Kisha kwa siku arobaini na moja nikapewa chekeche, kwa sababu kila jioni nilikunywa na kila asubuhi nilinuka. Hakunitukana hata mara moja. Alisikitika tu, waziwazi, na hilo liliniuma kuliko matusi. Siku ya arobaini na mbili alinusa, akanusa tena, akanipa mwiko. Machozi yalimtoka, akasingizia vumbi la saruji. Sijagusa waragi tangu siku hiyo.

Mama Kadija, ahsante. Nenda kwako Mpumudde, ulale mpaka uchoke, Mungu akupe afya na utulivu. Ila Jumatatu saa moja asubuhi usishtuke ukiona nyuso zetu zimepanga foleni dirishani kwako. Miiko tunayo. Tutakuwa tumekuja kukupa habari ya asubuhi, na unuse mwenyewe.